Mwenyekiti Yuko Mahututi

Leo nimedhalilika, tena kwa sauti yangu mwenyewe. Hakuna aliyenisingizia. Hakuna aliyenichukua video kwa siri. Nimejirekodi mwenyewe, nikajituma mwenyewe, na nusu ya Kariakoo ikaitikia.

Naandika hapa nikiwa stoo, nimekaa juu ya bunda la mashuka, mlango nimeubana kwa mguu. Nje watu wanapita wakisema "pole na mgonjwa" halafu wanaangua kicheko. Nimeona bora niwasimulie mimi kabla hamjasikia toleo la wauza viatu, maana la kwao tayari lina ambulansi.

Kwa msionijua: naitwa Aika, nauza mapazia na mashuka. Mtaa wetu una wenyeviti wawili, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia.

Wa kwanza ni Mzee Mallya, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa. Mtu mzima, mnene, mpole, suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kila asubuhi anapita duka kwa duka, mikono nyuma, anatazama bidhaa tulizomwaga njiani, anasema "Mmm," anaendelea. Hujui amefurahi au amekasirika. Tunatoka kijiji kimoja kule Moshi. Alichunga mbuzi na baba yangu. Kwangu huyo ni baba kabisa, shikamoo yake naitoa nikiwa nimesimama.

Wa pili ni mbwa.

Hana mwenyewe. Rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika ncha. Naye kila asubuhi alikuwa anapita duka kwa duka, taratibu, anatazama bidhaa zilizomwagwa njiani, anatoa pumzi puani, anaendelea. Siku moja jirani yangu Saumu, muuza vitambaa vya magauni, alimtazama mpaka akamaliza ukaguzi, akasema, "Na huyu naye ni mwenyekiti." Basi. Jina likaganda.

Ila lilikuwa jina la ndani. Tulilijua sisi wanawake wanne tunaokunywa chai pamoja saa nne, wenye kagrupu ketu kadogo ka umbea kwenye simu. Na Chande, mwendesha guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, kwa sababu Chande anasikia kila kitu.

Jambo jingine mnalotakiwa kulijua: mimi naogopa mbwa. Naogopa hata wa kwenye kalenda.

Sasa leo asubuhi nimefika mapema, nimefungua duka, nimefagia. Mwenyekiti (wa miguu minne) hakupita. Wiki hii yote alikuwa anapita kwa kujivuta, mbavu nje, tumbo limevimba. Nikasema labda amehamia kwa wauza samaki, mtu yeyote mwenye akili angehamia huko. Nikabeba takataka zangu kwenda nyuma ya jengo, gari la taka lilikuwa limeshafika na wale kaka wanazoa kwa beleshi.

Mmoja akasema, "Kuna mbwa amekufa hapa."

Nikachungulia. Alikuwa yeye. Amelala kwenye maganda ya machungwa, mdomo wazi, inzi wamemjaa. Jamani, sijui nieleze vipi. Yule kaka akaingiza beleshi chini yake. Mara sikio, lile lililokatika ncha, likatikisika.

"Ngoja!" nikapiga kelele.

"Amekufa huyu, dada."

"Sikio limetikisika!"

"Upepo huo."

"Upepo gani unatikisa sikio moja?"

Akaniangalia. Akamwangalia mbwa. Akachomoa beleshi polepole, akasema, "Haya, wako huyo. Tuna mitaa mingine."

Wangu! Mimi ambaye paka akinitazama sana nahama kiti!

Nikakimbia dukani, nikavuta kitambaa cha kwanza kilichokuwa karibu na mkono, nikarudi mbio. Ndipo nikagundua nimechukua pazia la mahameli, rangi ya damu ya mzee, maua ya dhahabu, limeshonwa kwa oda ya ukumbi wa harusi. (La mteja. Tuyaache hayo, kila kilio na siku yake.) Nikafumba macho, nikamviringisha, nikambeba. Alikuwa mwepesi kama mto wa kochi. Na alikuwa wa moto, moto kabisa, kama pasi iliyosahauliwa kwenye umeme.

Nikafunga duka, nikasimamisha bajaji. Dereva akaona mahameli, akatabasamu, nadhani alidhani napeleka zawadi ya bibi harusi. Nimeingiza mguu mmoja, pua ya Mwenyekiti ikachungulia. Yule bwana alivuta mafuta. Aliondoka. Akaondoka na ndala yangu ya kushoto.

Hivyo nikabaki katikati ya Kariakoo na mguu mmoja peku, nimekumbatia mbwa ndani ya pazia la harusi. Ndipo Chande akatokea na guta lake tupu.

"Dada Aika, mambo?"

"Si poa, Chande. Mwenyekiti anakufa."

Chande akashuka, akachungulia kwa mbali, akatikisa kichwa. Ni mtu wa Lindi, swala tano hazimpiti.

"Dada, mimi mate ya huyu yasiniguse, unaijua dini yangu. Lakini guta ni chuma, chuma kinaoshwa. Panda wewe, umshike mwenyewe."

Nikapanda. Mwanamke mzima, Mchaga, mwenye duka, nimekaa juu ya guta kama gunia la vitunguu.

Naombeni mnielewe kuhusu safari ile. Mimi nalia. Mguu mmoja sina kiatu. Mapajani nina kitu kimeviringishwa kwenye mahameli. Chande anakanyaga pedeli kama amefukuzwa. Watu wakaanza kutupisha. Kariakoo! Inapisha! Sijawahi kuona maishani. Tulipokuwa tunavuka Msimbazi, mama mmoja muuza ndimu akaweka mkono kifuani, akauliza, "Jamani, ni mtoto?"

Chande akajibu kwa sauti ya kuuza nyanya, "Mwenyekiti! Amezidiwa! Tupisheni!"

Mzee mmoja akavua kofia. (Nililiona hilo. Nikadhani ni mpenda wanyama.)

Tukafika Ilala, kwa daktari wa mifugo ambaye yuko nyuma ya duka la chakula cha kuku. Unapita kati ya magunia ya pumba, unasukuma pazia la nailoni, unajikuta kliniki. Palikuwa na mzee mwenye jogoo ndani ya kapu, na dada mmoja mwenye kambwa keupe kamevalishwa gauni. Kale kambwa kalipomwona Mwenyekiti kakajificha kwapani. Wote wawili wakasema, "Pita, dada, pita." Waliona hali yake tu.

Daktari anaitwa Komba. Kijana mtaratibu, anaongea kama anayepima dawa kwa kijiko. Akafunua mdomo wa Mwenyekiti.

"Ona fizi. Zinatakiwa ziwe nyekundu. Hizi zake nyeupe kama sahani."

"Maana yake nini?"

"Damu imekwisha. Ni homa ya kupe." Akageuza sikio. Humo ndani sitaki hata kuwaelezea. Kupe walikuwa wamejipanga kama kunde kwenye ganda. Akabonyeza tumbo. "Na minyoo. Mingi."

"Atapona?"

Daktari akanyamaza. Watu wanaonyamaza ukiwauliza hivyo siwapendi kabisa.

"Sitakudanganya, dada. Hali yake ni mbaya. Ungemleta jioni tusingekuwa na la kufanya. Tumpe dripu na sindano, tuone kama mwili utaitika. Jina la mgonjwa?"

"Mwenyekiti."

Hakushangaa. Akaandika MWENYEKITI kwenye plasta, akaibandika kwenye chupa ya dripu. Kisha akaniuliza kama ana mwenyewe, nikamwambia hana, ila ana watoto kila kona ya Kariakoo, rangi ileile ya chai ya maziwa. Akasema, "Basi akipona tumhasi."

Akachoma mshipa. Kumbe stendi ya kutundikia dripu ilikuwa imevunjika. Daktari akaniangalia kuanzia chini mpaka juu, akasema, "Wewe ni mrefu. Shika hapa. Usishushe mkono."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iishe."

Ndivyo nilivyogeuka stendi. Nimesimama kando ya meza, nyuma ya kabati la dawa linalonifikia kifuani, mkono wa kulia juu, chupa imening'inia, mbwa chini yangu anahema. Anahema kidogo, halafu anaacha. Kimya. Mimi nami naacha kuhema. Halafu anaanza tena. Hapo ndipo alipofungua jicho moja, akanitazama. Hakuwa na nguvu hata ya kunifukuza. Alinitazama tu, kama mtu anayeuliza, "Bado upo?"

Nikaangua kilio. Nikataka kuwaambia wenzangu wa chai, maana mzigo kama ule huwezi kuubeba peke yako na mkono mmoja uko juu. Nikatoa simu kwa mkono wa kushoto. Macho yamejaa machozi, sioni vizuri. Nikabonyeza grupu lililokuwa juu kabisa, nikashikilia pale pa kurekodi, nikasema haya, neno kwa neno (sasa nayajua kwa kichwa, nimeyasikia mara nyingi mno leo):

"Jamani, Mwenyekiti yuko mahututi. Nimemkuta jalalani asubuhi, hajitambui, walikuwa wanataka kumzoa na takataka. Nimemviringisha kwenye pazia, nikampakia kwenye guta la Chande. Tuko Ilala kwa daktari, nyuma ya duka la chakula cha kuku. Damu imekwisha. Tumbo limejaa minyoo. Masikio yote mawili yamejaa kupe, kupe jamani, wamenona! Na daktari anasema akipona ahasiwe, maana ana watoto kila kona ya Kariakoo na bado anaendelea. Yaani amenitazama na yale macho yake... Sikujua kama nampenda hivi. Mniombee."

Nikaachia. Ikaenda. Daktari akasema simu ziwe kimya, mgonjwa anahitaji utulivu. Nikaizima mlio, nikaitupa kwenye mkoba. Raia mwema mimi.

Baada ya hapo ikawa kusubiri. Mkono ukafa ganzi, nikaacha kuuhisi, nikawa nautazama kama mkono wa mtu mwingine. Nikamsimulia Mwenyekiti umbea wote wa mtaa. Nani amegombana na nani, nani anauza mashuka ya mtumba na kuyaita mapya. Nikamwimbia. (Daktari akaomba nisiimbe.) Nikamwambia, "Ukifa leo, mimi nitakuwa nimegusa mbwa bure, na hilo sitakusamehe."

Daktari akamchoma sindano nyingine, akapima joto, akasema "mmh" ya kwanza isiyotisha. Akaleta maji kwenye kifuniko cha ndoo. Mwenyekiti akanyoosha ulimi. Akalamba. Mara moja. Mara ya pili. Halafu mkia, ule mkia mchafu wenye ganda la chungwa, ukapiga meza: pa!

Nikapiga vigelegele! Yule jogoo kwenye kapu akaitikia! Dada wa kambwa keupe akapiga makofi, daktari akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, na Chande, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni na mikono mfukoni ili asiguse kitu, akasema, "Alhamdulillahi."

Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata hata siku ya kufungua duka. Niishie hapo? Natamani. Kisa kingekuwa kizuri sana kama kingeishia hapo.

Tukasikia kelele nje. Bajaji, nyingi. Pikipiki. Miguu. Na wanawake wanaimba wimbo wa kanisani, ule wa taratibu.

Daktari akauliza, "Kuna msiba jirani?"

"Sijui," nikasema, mkono juu.

Pazia la nailoni likafunguka, akaingia Mama Glory. Mke wa Mzee Mallya. Kajifunga kanga juu ya gauni la nyumbani, macho mekundu, mkononi ana chupa kubwa ya mtori, supu yetu ya ndizi. Nyuma yake, mtaa mzima. Wauza mapazia, wauza vitambaa, fundi cherehani na futi yake shingoni, mzee wa kanisa, na Katibu wetu wa wafanyabiashara, bwana mmoja mwembamba ambaye hajawahi kuona tatizo la mtu akakosa cha kuchekea. Na Saumu. Saumu alikuwa mwisho kabisa, anatazama dari.

"Yuko wapi?" Mama Glory akauliza.

Mimi sikuelewa. Naapa. Nikajua wamekuja kwa ajili ya mbwa. Moyo ukayeyuka. Nikawaza, kumbe watu wa mtaa wetu wana upendo kiasi hiki!

Daktari akajibu badala yangu, "Mwenyekiti? Yupo hapo nyuma ya kabati. Ametulia sasa. Amekojoa vizuri."

"Mungu wangu! Anaongea?"

Daktari akafikiri kidogo. "Mkia ameuchezesha."

Mama Glory akayumba. Wanawake wakamdaka.

"Naomba nimshike," akasema kwa sauti ndogo.

"Mshike mgongoni, mama. Kichwani usimguse, anaweza kukung'ata."

"Mume wangu aning'ate?"

Kimya. Kimya cha kusikia kuku wa jirani akitaga. Ndipo mimi nilipoanza kuhisi ubaridi ukipanda kutoka kwenye ule mguu usio na ndala.

Halafu Mama Glory akanigeukia. Machozi yakakauka palepale usoni, sijui yalikwenda wapi.

"Na wewe, Aika. Binti niliyekuona ukitambaa. Acha kwanza apone. Akipona, mtanieleza wote wawili. Hao watoto wa kila kona ya Kariakoo. Na hiyo 'sikujua kama nampenda hivi.'"

Akapita. Akazunguka kabati. Akasimama.

Mwenyekiti alikuwa amelala ndani ya mahameli yenye maua ya dhahabu, sindano mguuni, plasta ya jina juu yake. Akanyanyua kichwa. Akamwona mgeni mwenye harufu ya mtori. Mkia: pa, pa, pa.

"Huyu nani?" Mama Glory akauliza.

Sikuweza hata kukimbia! Nilikuwa nimeshika dripu! Nimesimama pale mkono juu kama shahidi aliyeapishwa, na mtaa mzima umeninyooshea macho.

Saumu akasogea kwa kunyata, akaninong'oneza kwenye kwapa langu lililo wazi. "Umetuma kwenye grupu kubwa, shoga. La wafanyabiashara wote."

"Kwa nini hukuwaambia?!"

"Niseme nini? Niandike mbele ya mtaa mzima, 'Tulieni, ni mbwa tuliyempa jina la mzee'? Nimekupigia simu mpaka kidole kimeniuma!"

Nikauliza waliamini vipi. Kumbe alfajiri Mzee Mallya aliandika kwenye grupu lile kwamba leo hatafika, hajisikii vizuri. Ndiyo maana grupu lilikuwa juu kabisa! Alikuwa anakwenda kung'oa jino. Mama Glory alijua ni jino, ila simu ya mzee ilikuwa haipatikani, akajua jino limempeleka pabaya. Jalalani? Wakasema amedondoka akikagua usafi. Kupe masikioni? Wakasema ana ng'ombe wake Kibaha, wametoka huko.

"Na kuhasiwa?"

"Hapo wanaume walinyamaza tu," Saumu akasema. "Wengine wakaacha kusikiliza."

Katibu ndiye aliyeanza. Kicheko kikamtoka puani, kikamshinda, akajikunja, akajipiga mapaja, akashika gunia la pumba asianguke. "Mbwa! Mwenyekiti ni mbwa! Jamani nakufa!" Wote wakaripuka. Hata Mama Glory alikuwa ameanza kutetemeka mabega, hujui analia au anacheka.

Kicheko kikakatika ghafla, kama redio iliyozimwa. Kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Mzee Mallya.

Shavu moja limevimba kama ameficha andazi. Pamba mdomoni. Simu mkononi. Alikuwa ametoka kwa daktari wa meno, akawasha simu, akakuta watu wanamwombea, na mmoja alikuwa ameshamuaga kabisa. Akapanda pikipiki, akaja kujiangalia.

"Shikamoo, baba," nikasema. Mkono juu.

Hakuitika. Akatazama watu. Akatazama meza. Akainua simu, akabonyeza.

Na yeye sauti haipunguzi. Wazee wote wa Kariakoo simu zao ziko mwisho wa sauti.

Wadau, nimesikiliza kilio changu mwenyewe mbele ya watu wote wanaonifahamu. Nilipofika kwenye "walikuwa wanataka kumzoa na takataka" Mzee Mallya akapepesa macho. Kwenye minyoo, akajishika tumbo. Kwenye kuhasiwa, akamtazama daktari, na daktari, kwa upole wake, akasema, "Ni operesheni ndogo tu, mzee." Na pale kwenye "yale macho yake" nikafumba macho yangu nikaomba jengo lianguke, ila taratibu, kwa sababu ya mgonjwa.

Ikaisha. Mzee Mallya akatoa pamba mdomoni.

"Nani alimpa huyu jina langu?"

Saumu alikuwa ameanza kusoma maandishi ya kwenye gunia la chakula cha kuku. Kwa makini sana.

Nikajikuta nasema, "Si jina lako, baba. Ni cheo tu."

Jamani. Ndicho kilichotoka. Ningekuwa na mkono mwingine wa akiba ningejiziba mdomo.

Mzee Mallya akasogea mezani, mikono nyuma. Akamtazama Mwenyekiti kuanzia masikio mpaka mkia. Mwenyekiti akamtazama yeye kuanzia shavu mpaka viatu. Walikaa hivyo muda mrefu. Halafu Mwenyekiti akatoa pumzi puani.

"Mmm," akasema Mzee Mallya.

Akamgeukia daktari. "Atapona?"

"Akivuka usiku wa leo, ana nafasi nzuri."

"Umkazanie." Akavuta kiti, akakaa kando ya meza, akanyoosha mkono kwa mkewe. Mama Glory akammiminia mtori, kwa sababu kumbe aliupika kwa ajili ya jino hilohilo. Akawa anakunywa kwa upande mmoja wa mdomo, kimya, amekaa na mgonjwa kama inavyotakiwa mtu akae na mgonjwa. Mzee wa kanisa akaona wamekuja mbali mno warudi bila kuomba, akaomba. "Mponye Mwenyekiti," akasema, akafungua jicho moja, akaongeza, "wote wawili." Tukaitikia amina, na Chande mlangoni akaitikia amini yake.

Kisha Mzee Mallya akafuta mdomo, akasimama, akatazama umati mpaka akampata Katibu, ambaye bado alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

"Cheo cha mwenyekiti kina mtu," akasema polepole, kwa ile sauti ya ganzi. "Kuanzia leo huyu mbwa aitwe Katibu."

Daktari, mtu wa kazi, akachukua kalamu, akasahihisha plasta.

Sijui ni nani aliyecheka zaidi. Najua ni nani hakucheka. Tulipokuwa tunarudi, simu zetu zote zikaonyesha kitu kimoja: Katibu amejitoa kwenye grupu.

Mpaka naondoka kule, mgonjwa alikuwa amelamba mchuzi wa maini usio na chumvi na amelala usingizi wa kweli, ule wa kukoroma. Atalala palepale kwa daktari. Kesho asubuhi naenda kumwona kabla sijafungua duka, na Chande amesema atanipeleka, ameshaliosha guta.

Sasa nawaomba sana, msicheke. Jumapili zamu yangu ni kusoma neno kanisani, Mama Glory anakaa kiti cha mbele, na mkono wa kulia mpaka sasa haushuki.